Wacha Kuniuliza CC, Niulize Meno

Wasee, kuna swali moja haliishi. Liko kwa stage ya boda, liko kwa grupu za machali wa nduthi, na ukiweka video ya mbio za vumbi ndilo la kwanza kufika: "Hiyo ni cc ngapi?" Mtu akiambiwa 450 anainamisha kichwa kama amekutana na chifu. Akiambiwa 125 anacheka. Mimi naona hilo ni swali la mtu aliyesoma kava ya kitabu akafunga. Mtu wa motokrosi muulize hivi: mbele meno ngapi, nyuma meno ngapi?

Sproketi ni kile kisahani cha chuma chenye meno kinachoshika cheni. Ndogo iko mbele, pale nguvu inapotoka kwa injini. Kubwa iko kwa gurudumu la nyuma. Bei yake ukilinganisha na pikipiki nzima ni kama chenji. Lakini hizo mbili ndizo zinaamua kama nguvu ya injini itafika chini ikiwa ya kusukuma ama ya kukimbia. Na historia yake, manze, imejaa milima, matope, wabishi na watu walioshinda na injini ndogo. Leo nawapea hiyo historia, kwa sababu sijaona mtu akiipeana kwa lugha yetu.

Kwanza, hesabu

Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo tulia, hapa ni kugawanya tu. Chukua meno ya nyuma, gawanya kwa meno ya mbele. Pikipiki nyingi za motokrosi za 250cc na 450cc za injini ya mipigo minne hutoka kiwandani na meno 13 mbele na kama 48 hadi 51 nyuma. Tuseme 50 kwa 13. Jibu ni 3.85. Maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara 3.85 ndio gurudumu lizunguke mara moja.

Sasa weka 52 nyuma. Jibu linakuwa 4.0. Gurudumu linapata msukumo zaidi kwa asilimia 4, lakini kwa mizunguko ile ile ya injini, mahali ulikuwa unaenda kilomita 100 kwa saa sasa unaenda 96. Rudi kwa 50 nyuma, lakini toa jino moja tu mbele, ubaki na 12. Jibu ni 4.17. Ile 100 imekuwa 92. Umeona? Jino moja la mbele ni kama meno manne ya nyuma. Ndio maana mafundi wa mbio wakitaka mabadiliko madogo wanagusa nyuma, wakitaka makubwa wanagusa mbele.

Na shika hii, kwa sababu stori yote inazunguka hapa: hakuna cha bure. Ukichukua msukumo, unalipa na mwendo. Ukichukua mwendo, unalipa na msukumo. Sproketi haiongezi nguvu hata kidogo. Inakuuliza tu uko tayari kupoteza nini.

Cheni ni mzee kuliko pikipiki

Watu hudhani cheni ilikuja na baiskeli. Zii. Karne ya 11 huko China, kwa mji wa Kaifeng, jamaa anaitwa Su Song alijenga mnara wa saa unaoendeshwa na maji, na ndani yake alitumia cheni kupeleka nguvu kutoka shafti moja hadi nyingine. Hiyo ni miaka mia nane kabla ya baiskeli ya cheni.

Cheni tunayoijua sisi, ile ya vijipini na vigurudumu vidogo vinavyobingirika kwa meno, ilipewa hataza mwaka wa 1880. Mwenyewe ni Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, Uingereza. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amenunua kakampuni kadogo ka kutengeneza cheni za mashine za viwanda vya nguo. Fikiria: chuma kinachozungusha gurudumu la boda yako leo kilizaliwa kwa ajili ya mashine za nguo.

Wakati huo baiskeli ya mbio ilikuwa ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ile tunaona kwa katuni. Hiyo haikuwa na cheni. Pedali zilikuwa zimeshikana na gurudumu moja kwa moja, kwa hivyo ukitaka mwendo zaidi, dawa ilikuwa gurudumu kubwa zaidi, inchi 50 na kuendelea. Na mwisho wa ukubwa ulikuwa ni urefu wa mguu wako. Yaani gia yako ulizaliwa nayo! Kama mama yako alikuzaa mfupi, mbio zimeisha kabla hujaanza.

Mwaka wa 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry akatoa baiskeli ya Rover: magurudumu yanakaribiana kimo, cheni inaendesha la nyuma. Hesabu tena. Weka meno 40 kwa pedali na 20 nyuma, gurudumu la inchi 28. Kila ukizungusha mguu mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili. Unaenda kama mtu wa gurudumu la inchi 56, na umekaa chini salama, na mguu wako uwe mrefu ama mfupi hakuna anayejali. Kwangu mimi huo ndio mwaka sproketi ilileta haki. Urefu wa mguu ulitoka kwa hesabu, uamuzi ukaingia.

Utaniuliza, mbona kwa baiskeli kubwa iko mbele na kwa pikipiki kubwa iko nyuma? Swali poa. Mguu wa mtu una nguvu lakini ni mpole, unazunguka mara 60 ama 90 kwa dakika, kwa hivyo unahitaji kuongezewa kasi. Injini ndogo ni kinyume: inazunguka maelfu kwa dakika lakini kila mzunguko una msukumo kidogo. Inahitaji kupunguzwa kasi ili ipate kusukuma. Vyuma ni vile vile, vimegeuzwa tu.

Mlima ulioumbua mikanda

Tuingie kwa pikipiki. Miaka ya kwanza ya karne ya 20, pikipiki nyingi ziliendeshwa na mkanda. Mkanda ni mlaini na hauna kelele, lakini mvua ikinyesha unateleza, na kwa mlima unateleza zaidi.

Mwaka wa 1911, mbio za TT za Isle of Man, kile kisiwa kati ya Uingereza na Ireland, zilihamishiwa njia mpya inayopanda mlima wa Snaefell. Usifikirie lami. Huko juu ilikuwa njia ya mikokoteni, mawe na vumbi. Kampuni ya Indian kutoka Marekani ikaja na pikipiki zenye cheni na giaboksi ya gia mbili. Matokeo ya mbio kubwa: nambari moja Oliver Godfrey, mbili Charles Franklin, tatu Arthur Moorhouse. Wote watatu walikuwa kwa Indian. Mwaka uliofuata akashinda Frank Applebee na Scott, na hiyo pia ilikuwa ya cheni na gia mbili. Mlima ulikuwa umeongea, na ujumbe ulikuwa mmoja: chuma kinachoshikana na chuma hakitelezi.

Lakini si kila mtu husikia mlima ukiongea. Huko Ufaransa kulikuwa na Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France ya mwaka wa 1903. Huyu mzee hakutaka kabisa kuona washindani wake wa juu na vifaa vya kubadilisha gia ukiendelea kuendesha. Kwake, gia za kubadilisha zilikuwa za watu wanyonge. Kwa hivyo waendeshaji walibeba sproketi mbili kwa gurudumu la nyuma, moja kila upande. Ukifika chini ya mlima unashuka, unafungua gurudumu, unaligeuza, unafunga, unaenda. Ukifika juu, unarudia. Jiulize ni mbio ngapi ziliamuliwa na mtu aliyegeuza gurudumu kilomita moja mapema ama kilomita moja kuchelewa. Gia za kubadilisha ziliruhusiwa mwaka wa 1937. Zaidi ya miaka 30 watu walihangaika kwa sababu mtu mmoja mwenye mamlaka aliona jasho kuwa bora kuliko akili. Hiyo tabia tunaijua, ama namna gani?

Matope ya Camberley

Mbio za pikipiki nje ya barabara kama tunavyozijua, watu wengi huanzia tarehe 29 Machi 1924, Camberley, kusini mwa Uingereza. Kabla ya hapo kulikuwa na mashindano ya ustadi, unapewa pointi kwa kupita mahali pagumu bila kuweka mguu chini. Camberley wakasema hapana, hapa anayefika kwanza ndiye mshindi. Wafaransa baadaye wakauita mchezo huo moto-cross, na mwaka wa 1947 nchi zikaanza kushindana kama timu huko Uholanzi. Uingereza ikashinda ya kwanza. Ubingwa wa dunia wa 500cc ukaja mwaka wa 1957.

Na hapa ndipo nataka watu wa "cc ngapi" wasogee karibu.

Mwaka wa 1964 na 1965, bingwa wa dunia wa darasa la 500cc alikuwa Jeff Smith wa Uingereza, kwa pikipiki ya BSA. Cc zake? Mwaka wa kwanza ilikuwa 420. Mwaka wa pili 441. Darasa linaruhusu 500, yeye akaacha nyingine mezani. Mwaka wa 1966 akaja Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki na CZ ya 360cc, injini ya mipigo miwili. Akachukua ubingwa 1966, akachukua 1967, akachukua 1968. Jamani, 360!

Sisemi ni sproketi peke yake. Pikipiki hizo zilikuwa nyepesi, na hao jamaa walikuwa wanajua kuendesha. Ninachosema ni kwamba cc ni nguvu iliyoko ndani ya injini, na mbio hazifanyiki ndani ya injini. Mbio zinafanyika pale tairi inapogusa udongo, na kati ya injini na udongo kuna meno.

Injini ya mipigo miwili ilifanya meno yawe muhimu hata zaidi. Injini ya mipigo minne husukuma kutoka chini hadi juu bila kukasirika. Ya mipigo miwili, hasa ya 125cc, ina sehemu nyembamba ya mizunguko ambapo inalipuka kama baruti. Chini ya hapo imelala, juu ya hapo imechoka. Ubingwa wa dunia wa 125cc ulipoanza mwaka wa 1975, Gaston Rahier wa Ubelgiji alishinda na Suzuki, na akashinda tena miaka miwili iliyofuata. Kwa pikipiki kama hizo, ukitoka kwa kona na gia yako ni nzito kidogo tu, injini inaanguka nje ya ile sehemu tamu na watu wanakupita ukitafuta klachi. Jino moja nyuma lilikuwa tofauti ya kulia na kucheka.

Alafu mwaka wa 1997 huko Las Vegas, Doug Henry akashinda mbio za supakrosi na Yamaha ya mipigo minne, mara ya kwanza injini ya aina hiyo kushinda fainali ya mbio hizo. Mwaka uliofuata Yamaha ikauzia watu YZ400F. Ndani ya miaka michache mipigo minne ikatawala, kwa sababu uwanja wake wa nguvu ni mpana na unasamehe makosa. Lakini hata leo, timu ikifika kwa uwanja mpya, kati ya maswali ya kwanza ni meno.

Wanachaguaje?

Hii si siri ya wazungu, ni kuangalia tu.

Angalia kona inayokusumbua zaidi. Kama gia ya pili inalia sana na ya tatu inakufa, sproketi yako haikubaliani na uwanja. Ongeza jino moja ama mawili nyuma, ya tatu itaamka. Angalia sehemu ndefu iliyonyooka. Kama injini imefika mwisho wa mizunguko na njia bado iko, punguza jino nyuma. Mchanga mzito unakula nguvu, kwa hivyo wengi huongeza jino moja ama mawili nyuma. Uwanja mgumu wa kasi, wengi hupunguza. Angalia pia uzito wako. Msee wa kilo 90 na msee wa kilo 60 hawaendeshi pikipiki moja hata kama zimetoka kwa boksi moja.

Kuna mambo mengine hayaonekani kwa hesabu. Ukiongeza meno nyuma bila kuongeza cheni, gurudumu linavutwa mbele, pikipiki inakuwa fupi. Inakata kona haraka, lakini ikishika kasi inaweza kutikisika. Ukiweka sproketi ndogo sana mbele, cheni inapinda kwa nguvu, inakula meno na inasugua ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Na mbona 13 ni maarufu hivyo mbele? Cheni huwa na pingili shufwa. Kwa 13, kila jino linakutana na kila pingili kwa zamu, hakuna jino moja linaloonewa kila siku na pingili zile zile. Kuvaa kunagawanywa sawa. Laiti kazi za hii nchi zingegawanywa hivyo.

Rudi nyumbani

Sasa mtu wa Umoja ama Githurai ananiambia, "Hiyo motokrosi ni ya watu wa pesa." Ni kweli kabisa, pikipiki moja ya mbio ni bei ya shamba mahali. Lakini mbio za nje ya lami na sproketi za kuchagua si za huko peke yake.

Boda boda ilianza na baiskeli, mpakani huko Busia, ikibeba watu kati ya Kenya na Uganda. Ile baiskeli nyeusi nzito, Black Mamba, ilikuwa na gia moja. Moja tu. Mlima ukifika, abiria anashuka. Pikipiki zilipokuja na kujaa kila mahali, mlima ulibaki pale pale. Binamu yangu hubeba viazi huko Kinangop, magunia mawili na barabara ya matope. Pikipiki yake ilitoka dukani na gia ya mtu anayeenda kazini kwa lami. Kila mlima alikuwa anashikilia klachi nusu, na klachi ikishikiliwa hivyo inaungua. Fundi wake, mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Renold, aliangalia tu akasema, "Hii inataka meno." Akaweka sproketi kubwa nyuma. Sasa kwa lami hakimbizani na mtu, lakini mlima anapanda bila kuomba.

Huyo fundi amefanya kazi ile ile inayofanywa na injinia wa timu ya kiwanda kule Ulaya. Ameangalia ardhi, ameangalia mzigo, ameamua kitu cha kupoteza. Tofauti ni kwamba wa Ulaya ameandikwa, picha zake ziko, tarehe ziko. Wetu hayuko popote. Nimewapea hapa majina ya Uingereza, Ubelgiji, Marekani, Ujerumani, na si kwa sababu sisi hatujafanya kitu. Ni kwa sababu hakuna aliyeshika kalamu. Mafundi wa jua kali wa pikipiki za kwanza wanazeeka, na wakienda, wanaenda na hesabu zao.

Na haraka iko, kwa sababu meno yenyewe yanaondoka mikononi mwetu. Motokrosi ya umeme imefika. Stark Varg ya kutoka Barcelona ina nguvu ya farasi 80 na haina giaboksi, gia ni moja tu kama Black Mamba. Tabia ya injini unabadilisha kwa simu. Boda za umeme nazo ziko Nairobi, zinaongezeka. Mimi napenda umeme, moshi wa hii jiji unanitosha. Lakini sproketi mtu yeyote mwenye spana anaweza kuhesabu meno yake. Programu unaifungua kama mwenyewe amekupa ruhusa. Kama mwenye pikipiki za umeme ataamua kiwandani kwamba mtu wa Kinangop na mtu wa Kilimani wanahitaji msukumo sawa, huyo fundi wetu atafanya nini na spana yake? Tutakuwa tumerudi kwa Desgrange, mtu mmoja mbali akiamua gia ya kila mtu.

Kwa hivyo siku ingine ukiona nduthi ya mtu, ya mbio ama ya viazi, inama. Hesabu meno ya nyuma, uliza ya mbele, gawanya. Alafu muulize mwenyewe ni nani alimchagulia, na kwa nini. Na kama ni fundi wa mtaa, andika jina lake na mwaka mahali.